Swali la Jumatano

Jumatano jioni, katika kikundi chetu kidogo cha Wamethodisti hapa Moshi, kiongozi aliniuliza swali ambalo humuuliza kila mmoja wetu: "Mama, roho yako inaendeleaje?" Nimezoea kujibu kwamba namshukuru Mungu, lakini safari hii nilishindwa, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimemuuzia mteja gunia la maharage ambalo chini yake nilichanganya ya msimu uliopita, yaliyokwisha kutobolewa na wadudu. Nikaungama mbele ya wote, sauti ikitetemeka.

Utaratibu huu ulianzia Bristol, Uingereza, mwaka 1742, wafuasi wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, walipogawanywa katika vikundi vya watu 12 hivi ili kila mmoja achangie peni moja kwa wiki kulipia deni la jengo lao la ibada. Viongozi waliowapitia wakagundua pia jinsi kila mtu alivyokuwa akiishi. Kwangu mimi, hilo ndilo tunda bora la deni lile.

Alhamisi nilimpelekea yule mteja maharage mapya Mbuyuni, nikamweleza waziwazi kwamba imani yangu hainiruhusu kunyamaza. Alichota kiganja kimoja, akayakagua punje moja moja, kisha akasema, "Haya, mama, mimina."