Siku moja maishani mwangu: napanga herufi za kadi Kariakoo

Saa mbili asubuhi nishafungua. Mpaka saa nne ni fotokopi, barua za maombi ya kazi na vyeti vya kuweka plastiki. Wengi wanadhani kazi yetu inaishia hapo: kuchapa na kubonyeza. Kazi yenyewe hasa ni kadi.

Saa nne na nusu akaingia mama wa kamati ya harusi na flashi yake. Kadi 200, karatasi ya krimu, zitoke leo. Nikafungua faili. Kila neno, mpaka namba za simu, liko kwenye mtindo wa herufi uitwao Monotype Corsiva, tena kwa herufi kubwa tupu.

Corsiva naipenda. Patricia Saunders aliichora kwa kufuata mwandiko wa Ludovico degli Arrighi, mwandishi wa Roma ya miaka ya 1520. Ni herufi za kalamu: zimelala kidogo, zimebanana, zina vimkia. Kubwa zake zina mikono mirefu, kazi yake ni kufungua neno. Ukizipanga zenyewe kwa zenyewe zinapigana viwiko.

"Mama, kubwa ibaki ya mwanzo tu."

"Mwanangu, kubwa ndiyo heshima."

Nikatoa nakala mbili, ya kwake na ya kwangu. Akazipiga picha, akazituma kwenye kundi la kamati, tukakaa kusubiri. Mmoja akataka maua. Mweka hazina akauliza bei upya. Umeme ukakatika, ukarudi, foleni ya fotokopi ikafika mlangoni, na mimi sijala. Mjomba mmoja akashauri tuchukue herufi ya kawaida, "ilaze tu kwenye kompyuta". Nikamwonesha mama kwenye skrini: ukiilaza hivyo, inakuwa herufi iliyosukumwa tu. Mlazo halisi, yaani italiki, huchorwa upya, a inavua kofia yake ya juu, f inashusha mkia chini ya mstari. Na Kiswahili kimejaa a. "Wanawakaribisha" peke yake linazo tano, kwa hiyo kadi nzima inabadilika sura. Hata mchapishaji Aldus Manutius wa Venice, alipochapa mashairi ya Vergilius mwaka 1501 kwa mlazo aliochonga Francesco Griffo, alilaza herufi ndogo tu. Kubwa aliziacha wima.

Mama hakulainika. Nikamwomba kaka aliyekuwa kwenye foleni atusomee jina la bibi harusi. Kwenye nakala ya herufi kubwa akakwama, akaisogeza kwenye mwanga. Ile ya pili akaisoma papo hapo.

"Haya, weka ndogo."

Majina na mwaliko nikaviacha kwenye Corsiva. Ukumbi, saa na simu nikaviweka wima, maana mgeni mwalikwa atavisoma usiku ndani ya bajaji.

Mashine ilikuwa bado inatoa kadi, mgongo unaniuma, kijana akaleta ratiba ya mazishi ya baba yake, ya kesho asubuhi. Jina la marehemu nikaliweka wima, Zaburi nikailaza, nikamtoza karatasi tu.