Mfuko wa nyuma

Shule zimefunguliwa na madaftari ya binti yangu hayajavikwa, na mwalimu kashasema anataka kava la kaki, siyo gazeti. Duka la Mangi kaki imeisha. Basi nikaingia uvunguni nikavuta lile sanduku la bati (mnalijua, ndo lile lililonichubua mguu mwaka jana nikawalilia humu wiki nzima) nikakuta furushi la karatasi za kaki limefungwa na kipande cha kanga. Nikamtupia. Akalikunjua sakafuni, akaangalia mistari na namba na mishale, akauliza, "Mama, hii ni ramani ya wapi?"

Nikainama. Ilikuwa Kaunda suti. Kifua, mgongo, mkono, kola, mifuko minne, na suruali yake kwenye karatasi ya pili. Pembeni wino mwekundu wa mwalimu wetu wa chuo cha ushonaji: 81, vizuri, angalia kwapa.

Chuo sikitaji, tuliosoma wote tunakijua. Miaka miwili. Mwalimu alikuwa mzee wa suti, mikono yake dhahabu tupu, na alikuwa na msemo wake kwamba fundi asiyejua kukata huyo ni mshonaji tu. Basi tukakata. Tulikata kaki mpaka nikawa naota mishale. Cherehani zilikuwa za miguu, Butterfly, kumi na mbili kwa watu thelathini na kitu, na mbili mikanda imekatika. Na tukashona Kaunda suti, mwaka 2008, wakati vijana wote mtaani kwetu walikuwa ndani ya jinzi za mtumba za Karume. Hatukuuliza. Mtihani unataka Kaunda, unashona Kaunda. Tredi testi, ule mtihani wa ufundi, nikapita vizuri tu.

Mwaka uliofuata shangazi akasikia kuna kiwanda cha nguo barabara ya Mandela kinachukua watu, wanashona jinzi za kupeleka Marekani, si mnajua ule mpango wa AGOA wa kuingiza nguo kule bila ushuru. Nikavaa sketi niliyoikata na kuishona mwenyewe, cheti kwenye bahasha, bahasha kwenye pochi, nikapanda daladala toka Mbagala nimekaa wima kama bi harusi.

Cheti hakuna aliyekiomba.

Walituingiza kumi kumi. Ndani joto na vumbi la nyuzi, safu za mashine mpaka macho yanachoka, na kila mtu anashona kitu kimoja, huyu zipu, yule pindo, yule lupu za mkanda, anamsukumia mwenzake bila hata kumtazama. Sikuona mtu hata mmoja anayeshona suruali. Suruali ilikuwa inajitokea yenyewe kule mwisho.

Supavaiza alikuwa dada wa makamo, lafudhi ya Tanga, shingoni kaning'iniza saa ya kubonyeza kama refa. "Shikamoo dada." "Marahaba, kaa. Mfuko wa nyuma huo. Nikisema anza, unaanza."

Jamani, mi nikatoa futi. Nikatoa futi kwenye pochi nikaanza kuupima mfuko, maana ndivyo nilivyolelewa, pima mara mbili kata mara moja. Dada ananiangalia tu. Nikairudisha. Nikaanza kutafuta namna ya kunyanyua kile kiguu kinachobana kitambaa, napapasa kama mtu anatafuta swichi umeme umekatika, msichana tuliyeingia naye kakaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Goti. Sukuma na goti." Kumbe kuna kibao chini ya meza! Nikasukuma, kikanyanyuka, nikaweka jinzi.

"Anza."

Nikaweka miguu yote miwili, kisigino vidole, kisigino vidole. Cherehani ya miguu ukiikanyaga inaamka taratibu, inajinyoosha, inakuuliza una uhakika? Ile haikuniuliza chochote. Ilinguruma mara moja na jinzi ikanyakuliwa mikononi mwangu, nikaona kona hii hapa, nikageuza, ikaondoka tena, kona ya pili, nikageuza, jasho linaniingia jichoni na sithubutu kuondoa miguu maana najua muda unakwenda, kona ya tatu, nikageuza, mstari umenyooka wallahi, kona ya nne, ndo nikanyanyua miguu ikanyamaza. Nikaangalia. Umekaa! Nilifurahi, sitawadanganya. Nikamkabidhi dada kwa mikono miwili.

Akaugeuza geuza. Akajaribu kuingiza vidole. Havikuingia. Akajaribu upande wa pili. Nilikuwa nimeuzungusha wote, pande zote nne, na mdomo wa mfuko nimeushona.

"Mdogo wangu," akaniambia, kwa upole kabisa, na huo upole ndo ulioniua, "sasa hela utaweka wapi?"

Safu nzima ilicheka na mashine hazikusimama.

Nyuma yake kulikuwa na baba mmoja na faili, sijui meneja sijui nani, akasema, wala siyo kwangu, "Kila mwezi tunalipa SDL, asilimia 6 ya mishahara, halafu tunaletewa watu hawajui hata kukanyaga." SDL nilikuja kuielewa ukubwani, ni tozo ya waajiri ambayo sehemu yake inakwenda kwenye mafunzo ya ufundi, tangu 2023 imeshuka mpaka 3.5 na wafanyabiashara bado wanalia. Siku ile mi nilishika tu hilo la kukanyaga. Miaka miwili nakanyaga!

Yule msichana wa goti walimchukua. Hajasoma chuo chochote. Dada yake alikuwa anafanya kazi mle, alimwelekeza nyumbani usiku, kwa kutumia stuli ya jikoni.

Yaliyofuata mnayajua, baraza la kushonea la mzee wangu kule Kariakoo, miaka mitatu nabana suruali za mtumba na kupandisha mapindo, hakuna hata siku moja mtu kaniomba nikate kitu kipya, halafu banda langu hili, vitenge, sare za kicheni pati.

Miaka yote nimekuwa nikisema chuo kilitupotezea muda, na nimesema kwa sauti, hata kwenye harusi za watu. Siku hizi sina uhakika sana. Kiwanda kile kingenichukua ningeujua mfuko wa nyuma, ningeujua kuliko mtu yeyote Mbagala, halafu? Sasa hivi wanahimiza uanagenzi, siku kadhaa unakaa chuoni siku kadhaa unakwenda kazini, na mi naona ni sawa kabisa, laiti mtu angenikalisha kwenye ile mashine hata nusu saa. Ila kazini kwa nani? Kwa yule dada wa saa au kwa mzee wangu wa Kariakoo? Maana wote wawili ni soko, na hawataki fundi mmoja. Na soko nalo lina vituko vyake. Tangu Rais Ruto wa Kenya aanze kutinga Kaunda suti, mpaka Spika wao akazipiga marufuku bungeni mwishoni mwa 2023, nimepata wateja wa Kaunda. Wawili. Mmoja mpaka leo hajaja kuchukua, ananidai koti namdai hela.

"Mama, nikate?" Binti kashashika mkasi.

Nikamwambia kata ya suruali, ya koti iache.

Kwa hiyo daftari la Hisabati limekwenda shule limeandikwa kwa mbele NYONGA SM 104, na mshale. Jioni karudi na salamu, mwalimu kauliza kama mama yake ni fundi. Nikavimba kidogo. Nikamuuliza, enhe, kasema anataka ashonewe nini?

"Anataka kupunguziwa sketi. Ya mtumba."