Usukani Uliogoma Kurudi

Bosi alilinyanyua lile gari letu la kubebea watalii Mei 2016, masika yakielekea ukingoni, ili msimu wa Juni liwe tayari. Lilikuwa Land Cruiser la 70 Series, injini ya 1HZ, springi za koili mbele. Akafungiwa springi ndefu mbele na nyuma, shokomzoba mpya na matairi makubwa zaidi. Gari likapanda milimita 50 hivi. Likisimama getini lilipendeza kweli, hilo siwezi kubisha.

Tatizo lilianza kwenye lami. Toka Arusha mpaka Makuyuni ni kilomita 80 hivi, na zote nilizimaliza mabega yamekaza. Gari lilikuwa linatangatanga. Umeshika usukani, hujafanya lolote, linaanza kuvutika kushoto. Ukilirudisha linapitiliza kulia. Upepo wa zile mbuga ukilipiga ubavuni, au basi likikupita kwa kasi, unajikuta unapigana nalo. Wageni nyuma walikuwa wanapiga picha punda milia pembeni mwa barabara, hawana habari.

Lakini kilichonifumbua macho ni ule mlima wa baada ya Mto wa Mbu, kona zinazopanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini. Dereva yeyote aliyepita pale anajua raha yake: unakata kona, unalegeza vidole, usukani unateleza wenyewe viganjani mpaka katikati. Siku ile ulibaki pale pale nilipouacha. Kila kona ikabidi niurudishe kwa mkono, mpaka Karatu.

Tuliporudi mjini nililipeleka kwenye alaimenti ya kompyuta. Kijana wa pale alifunga vioo vyake kwenye magurudumu, akakaza tairodi, ile rodi inayounganisha magurudumu ya mbele, akanichapia karatasi. Mstari wa jinsi magurudumu yanavyoangaliana ulikuwa wa kijani. Mstari wa kasta, yaani jinsi mhimili wa kugeuzia gurudumu unavyolala nyuma, ulikuwa mwekundu: chini ya digrii 1, wakati ilitakiwa ikaribie 3.

"Kaka, mimi hapa narekebisha tairodi tu," akaniambia. "Hiyo kasta haina nati ya kukaza. Ekseli yako ni bomba moja zima."

Madereva wengi wangemlaumu. Mimi naona alikuwa mkweli kuliko wanaokupa karatasi ya kijani tupu na risiti. Nikaikunja, nikaenda nayo Unga Limited, pale pale Arusha, kwa mzee mmoja aliyekuwa anatutengenezea magari.

Mzee hakuiangalia karatasi. Alijilaza kwenye boksi chini ya bampa, akanivuta na mimi nijilaze. Akanionyesha ile mikono miwili inayotoka kwenye chasisi kwenda mbele kuishika ekseli. "Unaona ilivyoinama? Chasisi imepanda, ekseli imebaki chini. Mkono ukiinama, ekseli nayo inajizungusha, kichwa chake kinakuja mbele. Baiskeli yako, kwa nini unaweza kuiachia mikono? Ile foku imelala nyuma. Hii yako sasa imesimama wima."

Nikamuuliza kama tuirudishe chini basi. Akacheka. "Bosi wako atakubali?"

Dawa ilikuwa bushi, ile mipira inayokaa pale mkono unapoishika ekseli. Ziko bushi maalumu ambazo tundu la bolti halipo katikati, limesogezwa pembeni, na zikikaa sawasawa zinairudisha ekseli nyuma digrii 2 hivi. Nilidhani ni kazi ya kubadilisha mipira tu. Kumbe mkono ulipotolewa, bushi za zamani zilikataa kutoka. Presi ilikuwa inalia, kisha ghafla zinaruka kwa mlio kama bunduki. Kabla ya kuingiza mpya, mzee alichukua rangi nyeupe akatia alama kwenye ukingo wa kila bushi na kwenye chuma cha mkono. Ya mbele tundu linaelekea huku, ya nyuma kule. Ukizigeuza, kasta inapungua zaidi ya ilivyokuwa. Kijana wake mmoja alishaanza kuweka ya kwanza kwenye presi. Mzee alimshika mkono bila kusema neno, akaigeuza.

Kisha timazi. Alining'iniza uzi wenye nati kwenye ukingo wa madigadi, kila upande, akapima mpaka kwenye tairi. Ekseli ilikuwa imehamia upande mmoja kwa milimita chache, kwa sababu ile rodi inayokingama toka chasisi hadi kwenye ekseli urefu wake ni ule ule, gari likipanda inaivuta ekseli pembeni. Akafunga rodi inayorefushwa kwa nati, akaizungusha mpaka pande mbili zikalingana. Usukani wenyewe, uliokuwa umekaa upande hata gari likienda moja kwa moja, aliunyoosha mwisho kabisa, kwenye rodi inayotoka kwenye boksi la stelingi.

Onyo moja alinipa: ekseli ikirudi nyuma, pua ya difu inashuka, na shafti ya mbele inapata kona kali zaidi. Nikisikia mtetemo nikiwa nimefunga hab za mbele, zile zinazounganisha magurudumu na shafti hiyo, nirudi. "Ndiyo maana sikuongezi digrii nyingine hata ukinilipa."

Nikarudi kwa yule kijana wa kompyuta. Kasta ilisoma zaidi kidogo ya digrii 2 na nusu, akapiga picha skrini kwa simu yake.

Bosi alipoona bili aliuliza kwa nini analipia mipira wakati gari linatembea. Sikubishana naye. Nilimpa ufunguo, nikakaa kushoto, tukaenda mpaka kona za Mto wa Mbu. Kwenye kona ya pili alilegeza vidole, usukani ukarudi, akanitazama, akaendelea kupanda bila kusema kitu. Jioni aliagiza bushi za magari mawili mengine. La tatu, alisema, litasubiri msimu upite.