Vifuniko Mia Tatu

Nilikuwa mgeni kazini, na mchoro wa kifuniko cha mashine niliokuwa nimeukunja kwapani niliuonea fahari kweli. Fundi wa kalibu, mzee ambaye miwani yake ilikaa kwenye paji la uso kuliko machoni, alinisikiliza nikimwambia nataka plastiki iyeyushwe na kusukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma, kama ndoo na vizibo. Njia nyingine niliziona za kubabaisha.

Mchoro hakuutazama. "Vingapi, kijana?"

"Mia tatu, mzee."

"Kalibu ya chuma huchongwa pande mbili, zikutane pasipo nafasi ya unywele. Ukitoa laki moja, gharama yake humezwa. Ukitoa mia tatu, kila kifuniko kitabeba pande la chuma mgongoni."

Nikajitetea kwa unga wa plastiki unaozungushwa kwenye tanuri, kama wanavyofanya matangi ya maji. Akatikisa kichwa: "Tangi lina tumbo. Chako ni mdomo mtupu."

Basi tukafyonza. Shiti ya ABS, plastiki ngumu, ya unene wa milimita 3 ilipashwa moto ikalegea kama chapati mbichi, ikalazwa juu ya umbo moja tu la mbao lililochimbwa, hewa ikavutwa kutoka chini. Vishikizo vya skrubu nilivyochora kwa ndani ilibidi nivifute. Shiti iliyofyonzwa haioti vishikizo, vingegundishwa baadaye. Hilo liliniuma.

Kifuniko cha kwanza kilitoka kinang'aa. Nikabonyeza kona kwa dole gumba, dole likatokea upande wa pili. Mzee akakiinua kwenye mwanga: katikati pazito, kona kama ganda la kitunguu. Moyoni nililaumu mashine, lakini kona kali na kuta zilizosimama wima zilikuwa zangu. Plastiki iliyogusa kuta mapema ilipoa na kugoma, kona za chini zikajazwa kwa kilichosalia kuvutika.

Nikazungusha kona, nikalaza kuta kidogo. Yeye akachonga gogo la kuisukuma shiti chini kabla hewa haijavutwa, ili isambae sawasawa. Jaribio la saba ndilo lililostahimili dole gumba.

Mzee alizibonyeza kona zote nne, hakusema neno. Akanipa kisu. Kingo za kifuniko kilichofyonzwa hukatwa baada ya kutolewa, na hilo kwenye mahesabu yangu halikuwamo.