Usiku wa nondo bustanini

Watu wengi humlaumu nondo kwa jambo moja: nguo zilizotoboka kabatini. Hao ni spishi chache mno, tena anayekula nguo ni kiwavi, si yule anayeruka. Dunia ina spishi za nondo zipatazo 160,000, wakati vipepeo wa mchana ni kama 18,000 tu. Wengi wao wako nje, wanachavusha maua yanayofunguka usiku na kuwalisha popo, sisi tukiwa tumelala.

Ili kuwaona kwa karibu, mimi hutumia shuka jeupe la pamba na taa ya mwanga wa urujuanimno (UV), ambao macho yetu hayauoni. Shuka nalitundika kwenye kamba kati ya miti miwili, pindo la chini nalitandaza ardhini, maana wengi hawaji moja kwa moja. Wanaangukia nyasini hatua chache kabla, kisha wanapanda kwa miguu. Usiku mzuri ni ule wenye joto, upepo umetulia, mawingu yametanda na mwezi haupo.

Wapo wanaopenda mtego wa sanduku: taa juu, faneli chini yake, na ndani trei tupu za mayai ambamo nondo hujibanza mpaka asubuhi. Kwa anayeweka kumbukumbu za mwaka mzima, hiyo ndiyo njia. Lakini kwenye sanduku unamkuta nondo amelala, na mimi nataka kumwona akiishi.

Mwangalie nondo mkubwa wa jamii ya Sphingidae anapotaka kuondoka. Haruki papo hapo. Anaanza kutetemesha mabawa, taratibu, halafu kwa kasi mpaka kingo zake hazionekani tena, akipasha moto misuli ya kifua. Ukisogeza kiganja unahisi upepo wake. Mara hayupo.

Jaribu pia kutikisa bunda la funguo karibu na shuka. Chuma kikigongana hutoa sauti nyembamba mno zisizosikika kwetu, za aina ile ile ambayo popo huitumia kuwinda. Nondo wengine watajiachia waanguke, wengine watakata kona hewani ghafla. Ndiyo, wana masikio; kuna jamii ambazo yako kifuani, na nyingine tumboni. Na popo wenyewe hawakawii kufika, wanapita juu ya taa huku mjusi na vunjajungu wakivizia pembeni mwa shuka.

Wasiovutwa na taa huitwa kwa utamu. Ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, changanya na sukari na bia kidogo, paka kwenye shina la mti magharibi ikiingia. Rudi baadaye na tochi yenye mwanga mwekundu, mweupe utawafukuza. Utaona mirija ya kunyonyea imekunjuliwa, macho yanang'aa.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayeniuliza: usiache taa ya shuka ikiwaka usiku kucha. Utafiti uliotolewa mwaka 2024, uliowapiga picha wadudu wakiruka kandokando ya taa, ulionyesha kwamba hawaifuati taa kama tulivyodhani. Mdudu huruka akielekeza mgongo kwenye mwanga, kwa sababu tangu zamani upande wenye mwanga zaidi ulikuwa juu, mbinguni. Taa ikiwa pembeni, anajigeuza, anazunguka, hatoki. Amenaswa. Na kuna nondo wa jamii ya Saturniidae ambao wakishapevuka hawali kabisa, wanaishi siku chache kwa akiba waliyojiwekea wakiwa viwavi. Usiku mmoja kwao ni sehemu kubwa ya maisha, na dume ana jike la kumtafuta kwa harufu.

Kwa hiyo saa mbili au tatu zinatosha. Piga picha, andika tarehe na hali ya hewa, zima taa. Waliogoma kuondoka kwenye shuka watikise taratibu ndani ya kichaka kizito, na kesho yake usiwashe mahali pale pale. Ndege hujifunza upesi: wakizoea kuwakuta nondo hapo alfajiri, watakutangulia kufika.