Makangaga yamekubali kwenye mawe ya Mwanza

Jamani, nyie mnaoishi milimani huku Bugarika na Igogo, msiyakatie tamaa mawe yenu. Makangaga yangu, ile mimea ya majani ambayo wengine huiita fern, yamestawi kwelikweli! Cha kuangalia ni upande. Jiwe linalopigwa na jua la mchana huunguza majani, lakini upande wake wenye kivuli kangaga linajiachia mpaka linafunika njia.

Nachanganya mboji, mchanga kidogo na vipande vya mkaa ili maji yasituame. Namwagilia asubuhi, na kiangazi cha Juni hadi Agosti nalowanisha hata jiwe lenyewe.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote. Geuza jani uone vidoa vya kahawia vilivyojipanga kwa mistari. Jirani alitaka anipulizie dawa, akidhani ni wadudu. Hapana, ndio uzazi wake huo! Kangaga halina ua wala mbegu. Nilikung'uta vumbi la vidoa hivyo kwenye karatasi, nikalinyunyiza juu ya udongo uliopoa baada ya kumwagiwa maji yanayochemka, nikafunika kwa nailoni. Inachukua miezi, vumilia. Kwanza vilitokea vipande vya kijani vya umbo la moyo, vimelala chini kabisa, halafu kwenye kimoja likachomoza jani changa lililojikunja kama mkia wa kinyonga. Nilimwita mama aje aone!

Tafadhali msiyang'oe kwenye vijito, yanashika udongo kule. Aliye karibu aje na kopo, nitamgawia machipukizi.