Kiunganishi cha kugawa uzito: angalia tairi za mbele, sio bampa ya nyuma

Mtu akinunua trela la kusafiria, lile la kulala ndani, swali la kwanza huwa ni gari yangu italivuta au haitalivuta, akishajibiwa litavutika anaona mambo yameisha. Mi naona kuna swali kubwa kuliko hilo: trela likishakaa kwenye boli (lile tufe la chuma nyuma ya gari linaloshikwa na trela), tairi za mbele za gari zinabaki na uzito kiasi gani? Maana hizo ndo zinazokata kona na ndo zinazobeba kazi kubwa ya breki. Kiunganishi cha kugawa uzito kipo kwa ajili ya hizo tairi mbili, ila ukiangalia watu wanavyokifunga wote wameinama nyuma wanaangalia bampa imenyooka au haijanyooka.

Pua ya trela inakandamiza nyuma kabisa ya gari, mbali na ekseli ya nyuma, kwa hiyo inakuwa kama ule ubao wa watoto wa kupandana na kushukiana, huku ukishuka kule kunapanda. Chukua pikapu yenye mita 3.6 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, na mita 1.5 toka ekseli ya nyuma mpaka kwenye boli. Trela likikandamiza boli kwa kilo 360, ekseli ya mbele inapoteza kilo 150, na ya nyuma inaongezewa kilo 510. Sio 360, ni 510, yaani zile za trela pamoja na zile zilizohama toka mbele. Hapo ndo unaona usukani umekuwa mwepesi, taa usiku zinamulika juu wanaokuja mbele yako wanalalamika, na barabara ikilowa gari inachelewa kufuata unapoielekeza.

Sasa kiunganishi hiki kina kichwa kinachoshika boli, halafu fito mbili za chuma cha springi zinatoka kwenye kichwa kwenda nyuma chini ya fremu ya trela. Ukizivuta juu na kuzifunga kwenye fremu zinapinda, na zikipinda zinakuwa zinasukuma kurudi chini muda wote, nguvu hiyo inabinua gari kurudi mbele. Kwa pikapu yetu ile, tuseme toka boli mpaka ekseli za trela ni mita 5, ukifunga fito mpaka mbele irudishiwe kilo 75, ekseli za trela nazo zinapokea kama kilo 40, na ekseli ya nyuma ya gari inapumua kwa kama kilo 115. Hakuna kilo iliyopotea, zimegawanywa tu.

Ndo maana nasisitiza, hiki kitu hakiongezi uwezo wa gari kuvuta wala uwezo wake wa kubeba. Chenyewe ni chuma kizito, vingi vinafika kilo 30 hadi 50, na gari inavibeba. Kitu kinachoweza kubadilika ni kiwango cha lile tundu la chuma la nyuma unapochomeka kiunganishi. Lala chini usome stika yake, mara nyingi ina namba mbili, moja ya kubeba uzito moja kwa moja na nyingine kubwa zaidi ya kutumia kiunganishi cha kugawa uzito, unaweza kukuta ya kwanza ni pauni 500 na ya pili pauni 1,000. Halafu soma kitabu cha gari, kuna gari ambazo waliozitengeneza wanakulazimisha uwe nacho trela likizidi uzito fulani, na kuna nyingine wanakataza kabisa kwa sababu bodi yake haikutengenezwa kuhimili ule msokoto. Wakikataza usibishane nao. (Ulaya karibu hutaviona hivi, kwa sababu karavani za kule zinapangwa pua iwe nyepesi, kwenye kilo 75 hadi 100 hivi, na mwendo wake sheria zinaubana. Matrela ya Marekani yanataka pua nzito, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela lililopakiwa.)

Kwenye kuchagua, usianze na aina, anza na uzito wa pua. Na sio ule ulioandikwa kwenye karatasi ya mauzo, ule ni wa trela tupu, mara nyingi bila hata betri na gesi. Weka mitungi ya gesi pale puani, betri, maji kwenye tenki, vyombo, nguo, pua inaongezeka kilo nyingi kuliko unavyodhani. Tenki la maji likiwa mbele ya ekseli linaongeza uzito wa pua, likiwa nyuma linapunguza, kwa hiyo pima likiwa kama utakavyosafiri.

Kupima hakuhitaji kifaa cha bei. Mzani wa bafuni unatosha kwa njia hii: chukua boriti imara, upande mmoja ulale juu ya bomba fupi lililokaa kwenye tofali, upande wa pili ulale juu ya bomba lingine lililokaa kwenye mzani. Jeki ya trela ishukie juu ya boriti, sentimita 30 toka kwenye bomba la tofali na sentimita 60 toka kwenye bomba la mzani. Namba unayoisoma, ukishatoa uzito wa boriti yenyewe, zidisha mara 3. Mzani ukisema 120 pua yako ni 360. Zuia magurudumu ya trela kwanza, tafadhali, na trela liwe limenyooka maana likiinamia mbele au nyuma namba inadanganya.

Ukishapata hiyo namba, ongeza na mizigo yote inayokaa nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, kwa sababu fito zitakuwa zinapambana na hiyo pia. 360 ya pua na 90 ya mizigo ni 450, hiyo ni kama pauni 1,000, na fito nyingi zinauzwa kwa pauni: 600, 800, 1,000, 1,200 na kuendelea. Hapa watu wanapenda kuchukua kubwa kabisa ili kuwa salama, mi sikubaliani kabisa. Fito ngumu kupita kiasi hazipindi vizuri, kila shimo la barabara linapigwa moja kwa moja kwenye fremu ya trela na kwenye tundu la gari, safari inakuwa ya kurukaruka na vyuma vinachoka. Dhaifu nazo zinapinda mpaka mwisho na mbele haijarudi. Chukua inayoendana na namba yako, na nafasi kidogo juu yake.

Aina ziko nyingi. Kuna za fito zinazoning'inia kwenye cheni, hizi ni rahisi na zinafanya kazi yake ya uzito vizuri, ila kuyumba kwa trela hazizuii, inabidi ufunge kidhibiti pembeni, kile cha msuguano. Kuna ambazo fito zinakaa juu ya braketi ngumu kwenye fremu, kama za chapa ya Equal-i-zer, ule msuguano wa chuma na chuma ndo unakuwa kidhibiti. Andersen wao hawana fito, wanatumia cheni na mipira ya kubana, chepesi na kimya. Halafu kuna Hensley na ProPride, hizo zina viungo vinavyofanya trela lijigeuze kama vile limeshikwa karibu na ekseli ya nyuma ya gari, upepo wa malori haulisukumi hovyo, ni ghali na nzito lakini kwa trela refu naelewa kwa nini watu wanazitaka. Kwa mtu wa kawaida mwenye trela la kawaida, mi ningechagua ya braketi ngumu na kuweka muda kwenye kuifunga vizuri. Kama breki za trela lako ni zile zinazojikamata zenyewe pua ikisukumwa, uliza kwanza, sio viunganishi vyote vinakubaliana nazo.

Na tafadhali, kidhibiti cha kuyumba sio dawa ya trela lililopakiwa vibaya. Pua ikiwa nyepesi, chini ya asilimia 10, hamisha mizigo kwanza.

Kufunga sasa. Pakia gari na trela kama unavyosafiri, jaza mafuta, nenda sehemu iliyonyooka. Gari ikiwa peke yake, simama kando ya tairi ya mbele upime kwa tepu toka chini mpaka ukingo wa madigadi, unapita katikati ya tairi, andika. Tuseme sentimita 94. Nyoosha trela, pima urefu wa pale linaposhika boli, halafu panga boli iwe juu ya hapo sentimita 2 au 3, kwa sababu gari itashuka likikaa. Unganisha bila fito, rudi mbele na tepu yako. Utakuta imepanda, tuseme 98. Hizo sentimita 4 ndo uzito uliokimbia toka mbele.

Usizivute fito kwa nguvu za mikono. Funga kapla (kile kikombe cha pua ya trela kinachoshika boli) kwenye boli, halafu tumia jeki ya trela kuinua pua pamoja na nyuma ya gari, inua sana, mpaka fito ziingie karibu bila kushindana. Mtu akipambana na ule mkono wa chuma wa kuinulia fito ujue jeki hajaipandisha vya kutosha. Na unapoufungua au kuufunga usisimame kwenye njia yake, ile fito ina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu. Shusha jeki, sogeza gari mbele kidogo vitu vikae, pima tena. Vitabu vingi vya gari vinataka angalau nusu ya kilichopanda kirudi, kwa hiyo hapa ni 96. Vingine vinataka zaidi, fuata cha gari yako. Isishuke chini ya 94, maana hapo umeshaizidishia mbele na kuipunguzia nyuma, na gari yenye nyuma nyepesi inasukumwa na trela kwenye kona, hiyo ni hatari kuliko ile ya mwanzo.

Kama bado iko juu, ongeza mkazo: kwa cheni funga pete ya karibu zaidi na fito, kwa braketi ipandishe tundu moja, na kama hiyo imefika mwisho ongeza washa (zile pete bapa za chuma) nyuma ya kichwa ili kilale zaidi upande wa trela. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, pima, ndo uende kingine. Ukimaliza kaza bolti zote kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha kwenye kitabu chake, boli pia, zile namba ni kubwa, mkono peke yake haufiki. Trela liwe limenyooka au pua imeinama kidogo sana, isiwe juu.

Kuna kijana mmoja alinipigia, "Kaka, nyuma iko sawa kabisa kama mstari lakini usukani bado unaelea." Nikamuuliza mbele amepima? Hajapima. Nikamuuliza tena ameweka mifuko ya upepo kwenye springi za nyuma? "Ndio, nimeijaza kabla sijafunga." Basi jibu liko hapo, mifuko ya upepo inainua nyuma lakini hairudishi hata kilo moja mbele, inaficha tu. Akaitoa upepo mpaka ule mdogo wa kawaida, akafunga fito upya kwa kupima madigadi, usukani ukarudi.

Tepu inakupa picha, mzani wa malori ndo unakupa jibu. Pima ekseli ya mbele mara tatu: gari peke yake, na trela bila fito, na trela na fito. Ikiwa kilo 1,450, halafu 1,300, halafu 1,375, umerudisha nusu. Hapohapo angalia ekseli ya nyuma haijapita kiwango chake, na tairi zina upepo unaotosha huo uzito.

Barabarani, trela likianza kuyumba usikanyage breki ya gari kwa nguvu, achia mafuta, shika usukani unyooke, na bonyeza breki ya trela kwa mkono kwenye kile kidhibiti cha breki zake kilichopo kwa dereva. Kidhibiti cha msuguano cha pembeni kitoe kabla ya kurudi nyuma kwa kona, ukikisahau kinapinda. Ukiingia uwanja wenye mashimo na miinuko mikali, toa fito kabisa, maana gari ikiwa bondeni na trela mlimani zinapata mkazo ambao hazikutengenezewa. Kelele za kulialia kwenye kona ni kawaida kwa zile za msuguano, paka grisi kwenye boli na kwenye matundu ya fito kichwani, ila pale kwenye braketi usipake mpaka kitabu chake kiruhusu, msuguano ndo unautaka. Baada ya safari ya kwanza rudia kukaza bolti zote, chuma kipya huwa kinajikalisha, na ukibadilisha mizigo sana au ukiongeza baiskeli nyuma ya trela, toa tepu tena.